Muuguzi Gorata Afuata Mtu Malishoni

Nilikuwa karani wa mapokezi katika zahanati moja ya Serowe, na kosa lilikuwa langu. Thuso, fundi viatu wa miaka ishirini na sita, aliponipa kadi yake nikapaza sauti mbele ya foleni nzima: "Wale wanaume wanaopenda wanaume, vidonge vyenu kwa Mma Gorata!" Watu wakacheka. Thuso akanipokonya kadi, akatoka.

Mma Gorata, muuguzi mjane wa miaka hamsini na minne, ndiye pekee kati yetu aliyekubali kuwapima vijana hao virusi vya UKIMWI na kuwapa vidonge vya kujikinga. Kwa hilo wanawake wa kanisani kwake walimhama, akawa anaketi peke yake kwenye benchi zima. Na sisi, saa ya chai, tulimwachia chumba.

"Umemfukuza mtu, Kabelo," aliniambia.

Alipokosa kumwona Thuso miezi miwili, akapanda lori la maji hadi malishoni kwa mjomba wa kijana huyo, kisha akakata mchanga kwa miguu saa nzima. Alinisimulia mwenyewe, baadaye sana.

"Mma! Nani kakuleta huku?"

"Miguu. Umekonda, mwanangu. Vidonge je?"

"Viliisha. Huku naishi na ng'ombe, ataniambukiza nani?" Akacheka, kicheko kikamfia. "Ila nilirudi kijijini mara moja. Kwa rafiki."

"Lini?"

"Mwezi jana."

Mma Gorata akamtoboa kidole. Wakangoja matokeo. Kipimo hakikuonyesha virusi.

"Tutarudia mwezi ujao tuwe na hakika, kisha uanze vidonge tena."

Thuso akalia. Akapakua uji mzito wa mtama na maziwa mgando. "Tangu nije huku sijala na mtu, Mma."

"Mimi nyumbani hula nimesimama," alijibu. "Kuketi kwa ajili ya nani?"

Kipimo cha pili nacho kikatoka safi. Mwaka ule Thuso akahamia Francistown, kwenye kikundi cha vijana wenzake. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Akasema, "Nimesikia," akakata.

Siku Thuso alipoondoka, Mma Gorata alimsindikiza hadi stendi. Basi lilipoondoka akabaki amesimama, mkoba mkononi, mpaka kondakta wa basi jingine akamuuliza, "Mma, unasafiri?"

"Hapana," akasema. "Mimi ni wa hapa."