Siku Programu Ilipokufa Mara Ishirini

Mwaka niliorudi kukaa kwa mama, Itetemia, nilikuwa najitolea kwenye mfumo endeshi wa kompyuta usio na mwenyewe: watu wa nchi mbalimbali wanauandika pamoja na kuugawa bure. Niliangukia sehemu ambayo wengi huikwepa, kiunganishi. Programu haibebi kila kitu chake. Inapoanza, kiunganishi huitafutia maktaba inazozihitaji, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, na kuziunganisha nayo.

Programu yangu ya majaribio iliendesha nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokimbia kwa wakati mmoja. Mara mojamoja ilikufa bila kuaga. Ningeiwasha asubuhi nzima isife, halafu nikienda kuchota maji narudi nakuta imelala chali. Nikiongeza mstari wa kuchapisha ujumbe ili nione inapofia, haifi kabisa. Nikiuondoa, inakufa. Nilianza kuhisi inanichungulia.

Mama alikuwa akimenya karanga barazani, hatua mbili kutoka mezani pangu. Siku ya tisa aliuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Nikamjibu kwamba siwezi kumtibu, kwa sababu kila nikimkaribia anajifanya mzima.

Nilipokwisha kusema hivyo nikayasikia maneno yangu mwenyewe, nikaigeukia kompyuta. Kumkaribia ndiko kulikomponya: ule mstari wa kuchapisha ulikuwa unauchelewesha uzi mmoja kidogo tu, kiasi cha kumpisha mwenzake. Basi jambo lilikuwa muda. Kiunganishi kina orodha ya maktaba zilizofunguliwa. Uzi mmoja ulikuwa ukiisoma orodha hiyo huku mwingine ukifunga maktaba na kuifuta humo. Msomaji akiwa amesimama juu ya jina linalofutwa, hatua yake inayofuata ni shimoni.

Nikamlaza msomaji sekunde moja papo hapo, katikati ya orodha. Nikawasha. Ikafa. Nikawasha tena. Ikafa. Mara ishirini, vifo ishirini.

Niliruka, nikamshika mama mikono, nikamzungusha, karanga zikatawanyika baraza nzima.

"Imepona?" akauliza.

"Hapana, mama. Sasa inakufa kila mara."

Alinigusa paji la uso. "Na ndiyo furaha yote hii?"

"Ugonjwa unaokuja kila ukiuita, mama, huo unatibika."

Jirani yetu, bibi mmoja mkulima, alisikia kelele akaja. Nikampa shikamoo huku bado narukaruka. Mama akamweleza, kwa uso mkavu kabisa, kwamba mwanawe ameua kitu ndani ya kompyuta mara ishirini na kwamba tumshukuru Mungu. Bibi akaitikia marahaba, akainama kutusaidia kuokota karanga.

Siku hiyohiyo niliweka kufuli: anayeisoma orodha au kuibadilisha alishike kwanza, mwenzake angoje. Programu haikufa tena. Iliganda. Uzi ulioshika kufuli ulikuwa umefungua maktaba mpya. Maktaba ile, katika maandalizi yake, ikangoja uzi wa pili. Na uzi wa pili ulikuwa unangoja kufuli. Wote wawili wamekaa, kila mmoja anampisha mwenzake mlangoni. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikarekebisha, kufuli liachiliwe kabla maandalizi hayajaanza.

Nikaondoa ile sekunde ya usingizi, nikaacha jaribio likijirudia lenyewe, nikamsindikiza mama kwenye mazoezi ya kwaya, kanisa la Moravian. Nilikaa benchi la nyuma. Kila waimbaji wa sauti ya pili walipochelewa kuingia na mwalimu akawasimamisha, kicheko kilinibana, nikajifanya nakohoa. Mama alinikodolea macho kutoka mstari wa mbele.

Tuliporudi, jaribio lilikuwa limejirudia mara elfu kadhaa bila kufa wala kuganda. Nikatuma marekebisho kwa mama mmoja wa nchi ya mbali anayesimamia sehemu ile, ambaye sijawahi kumwona. Kesho yake mchana akajibu kwamba ameyapokea, na kwamba ana hitilafu nyingine ya ukoo huohuo, miaka mingi haijapata mtu wa kuishughulikia. Je, ningependa kuiangalia? Nilimjibu ndiyo kabla sijasoma ni ipi.