Mapigo Matatu kwenye Simu ya Mama Yasmin

Enzi zetu simu ilikuwa na mwenyewe, na kwa mtaa wetu wa Kahama mwenyewe alikuwa Mama Yasmin, mke wa mwenye duka la vitambaa. Ilikaa juu ya kaunta, nyeusi, nzito, ina mkono wa kuzungusha pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hukuigusa bila kunawa. Leo wajukuu zangu wanalala na simu, wanakula na simu, na ukiwapigia hawapokei. "Bibi, tuma meseji." Na masikio yao ni mazima yote mawili.

Yangu yaliondoka nikiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibakiwa na kitu kidogo: mtu akiongea kwa nguvu nilipata mapigo, lakini siyo maneno. Watoto wenzangu hawakunionea huruma, na hadi leo nawashukuru. Kwenye kombolela nilijificha vizuri kuliko wote, tatizo sikusikia mchezo umekwisha. Nilibaki nyuma ya ghala, mfuko umejaa michembe ya viazi vikavu na karanga, hadi dada yangu Kabula aje kunivuta mkono ugali ukiwa umeshapoa.

Baba alikuwa dereva kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Mwanza. Alipokuja likizo mwaka ule alinikuta nimekaa nyumbani mwaka mzima, sisomi. Hakunililia. Alitafuta makopo mawili ya maziwa, akayatoboa, akayaunganisha kwa uzi wa katani, akanikandamizia moja kwenye mfupa nyuma ya sikio la kushoto. Lile lingine akaliongelea yeye, akiwa kule kwenye zizi. Mapigo yakaja hadi kwenye meno. Tukakubaliana: "la" ni pigo moja, "ndiyo" mawili, "sijui" matatu. Kisukuma tulikiweka kando, kwa sababu nyumbani kukataa ni "yaya," na hilo nalo lina mapigo mawili. Likizo nzima tulifanya kazi hiyo. Mama alilalamika kwamba mtu mzima na ndevu zake anacheza na makopo.

Baba akarudi Mwanza, na shule zikakaribia kufunguliwa. Nikamwambia mama kwamba nataka kurudi darasani. Mama akakataa. Kabula aliniandikia maneno yake kwa kijiti hapo uani: "Mama anasema kamwulize baba mwenyewe kwenye simu. Ukishindwa kumsikia baba, mwalimu utamsikiaje?" Mama hakuwa na roho mbaya. Aliwahi kuona ninavyochekwa sokoni, akaogopa. Lakini mimi nilikuwa na hasira ya kuivisha maharage. Nikachukua kijiti, nikaandika chini yake: "Nitamwuliza."

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi baba alipiga simu dukani saa sita mchana. Siku hiyo mimi, mama na Kabula tulifika saa nne. Nilivaa sare yangu ya zamani, imenibana kwapani hadi mikono haiinuki sawasawa. Mama Yasmin akapokea, akasalimiana na baba, akanipa mkonga wa simu. Sikuuweka sikioni. Niliukandamiza kwenye mfupa, kama kopo. Wanawake waliokuwa wanachagua kanga wakaacha, wakanitazama. Nikauliza kwa sauti ambayo baadaye Kabula alisema ilifika stendi ya mabasi:

"Baba, niende shule?"

Mapigo matatu.

Sijui. Baba yangu aliyetoboa makopo kwa mkono wake, hajui. Mama Yasmin akanyoosha mkono anisaidie kusikiliza. Nikamgeuzia mgongo, waya ukanizunguka tumboni. Nilijua nikilia nimekwisha. Nikasema, "Baba, jibu kama ulivyonifundisha. Ndiyo au la."

Kisha mawili. Mawili tena, na tena, hadi simu ikakatika.

Nikamgeukia mama. "Ndiyo," nikamwambia. Akanyoosha kidole kwenye rafu ya juu, kwenye kitambaa cha bluu cha sare, na Mama Yasmin akakishusha.

Nilikaa dawati la mbele, nikajifunza kusoma midomo, nikamaliza, nikaja kuwa mwalimu wa ushonaji. Lakini yale mapigo matatu hayakunitoka. Kila nilipokwama nilikumbuka kwamba hata baba alianza kwa shaka. Iliniuma, na sikumwuliza.

Miaka ikapita. Hivi karibuni madaktari wamenipandikizia kifaa ndani ya sikio la kushoto, na kipande cha nje kinashikwa na sumaku kichwani. Wiki za kwanza kila mtu alisikika kama anaongea ndani ya kopo, nikajiona niko nyumbani. Mtaalamu akanionya kwamba simu ndiyo mtihani, maana haina midomo. Basi kila asubuhi Kabula alinipigia ananisomea vitu vya sokoni, nami nikaandika nyama alipotaja nyanya. Wajukuu walicheka sana. Sikuacha. Mwezi wa nne tangu upasuaji nikampigia baba, mzee sasa, anaishi Tinde.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Umekula?"

"Ndi. Yo," akalikata neno kwa nguvu, kama zamani.

"Baba, ongea kawaida. Siku hizi nasikia maneno."

Nilisikia mbuzi akilia uani kwake.

"Siku ile dukani," akasema polepole, "jibu langu la kwanza ulilisikiaje?"

"Sijui."

"Hukulisikia?"

"Nililisikia, baba. Ulisema sijui. Mapigo matatu."

Akacheka. "Nilifurahi nikasahau mafunzo yote, mama. Nilisema uende."

Wajukuu hutumiana sauti zilizorekodiwa na kuzisikiliza kwa kasi ili ziishe haraka. Sisi tulisubiri mwezi mzima, tukavaa, tukanawa mikono, kwa ajili ya swali moja. Kifaa changu sikirudishi kwa mtu, lakini usikivu ule nautamani bado.

U-e-nde. Nikahesabu kwa kidole juu ya meza. Kisha nikamwomba baba arudie, nikamdanganya kwamba simu inakwaruza.