Mama Aliyetulia Wodini, na Mtoto Aliyepewa Jina Langu

Admin, nifiche kabisa, hata hospitali usiitaje, maana Kisumu ni ndogo na watu wanajuana. Mimi ni muuguzi wa miaka thelathini na sita, nina watoto wawili. Mdomo wangu haukosi la kusema, muulize yeyote niliyefanya naye kazi. Lakini kuna jambo moja nimelimeza kwa wiki sita sasa.

Tulipokea mama mmoja wa Nyalenda, muuza samaki, umri umeenda, ameteleza akavunjika nyonga. Wueh, huyo mama alikuwa na ulimi! Siku ya kwanza alinigombeza ati chai ya wodi ni maji ya kuoshea vikombe. Binti yake, nitamwita Atieno, alikuwa na mimba kubwa, akacheka mpaka akashika tumbo. Nilimpenda huyo mama siku hiyo hiyo.

Siku ya pili mchana nikamkuta kimya. Anaangalia ukuta, vidole vinachunachuna blanketi, uji haujaguswa. Atieno akanifuata mpaka kwa meza ya wauguzi. "Sista, huyu si mama yangu. Jana alikuwa anatusema sisi wote. Leo ameniuliza mimi ni mtoto wa nani. Analala, anaamka, analala tena." Nikamjibu, "Ni uzee, mama. Na hizo dawa za maumivu. Mwache apumzike."

Mnataka kujua nilikuwa na shughuli gani? Kitanda cha pili kulikuwa na nyanya mwingine anapiga kelele, anang'oa dripu, ati ng'ombe wameingia wodini watolewe. Huyo tulimwitia daktari mbio. Akapimwa, mkojo ukapatikana una maambukizi, akapewa dawa, na baada ya siku chache akawa anatuomba msamaha kwa aibu. Lakini mama wa Nyalenda, kwa kuwa hakusumbua mtu, nilimwandikia kwa faili: "Ametulia, hana malalamiko." Hata nikamwambia mwenzangu kwamba huyu sasa ndiye mgonjwa mzuri.

Na nilijua! Hilo ndilo linaniua. Tulifundishwa kwamba mzee akibadilika ghafla, leo si kama jana, akili inakuja na kupotea, huo si uzee. Uzee hauji kwa siku moja. Kuna kitu mwilini kinachovuruga akili, na anayenyamaza yuko hatarini kuliko anayepiga kelele, kwa sababu hakuna anayemwangalia. Ningemuuliza tu uko wapi, leo ni siku gani, nitajie siku za wiki ukirudi nyuma. Dakika mbili, jameni. Sikuuliza.

Asubuhi ya tatu mwili ni moto, anapumua kwa shida. Daktari akaniuliza, "Kuchanganyikiwa huku kumeanza lini?" Atieno alikuwa ameenda kutafuta uji. Nikasema, "Leo asubuhi, daktari." Nilidanganya nijiokoe, basi. Mapafu yalikuwa yamejaa maambukizi. Alifariki siku iliyofuata, na Atieno akanikumbatia akinishukuru kwa kumtunza mama yake. Nikamwacha anishukuru.

Tangu hapo mzee yeyote akinyamaza namwamsha nimuulize siku. Wenzangu wananicheka. Juzi mzee mmoja wa Kisian alinikazia macho: "Nyathina," yaani mwanangu, "kwani ni wewe hujui leo ni siku gani?" Nikacheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Sasa sikieni. Wiki jana Atieno alinipigia simu. Amejifungua msichana, na mtoto alikuwa halali kwa kulia. Kwetu mtoto akilia hivyo, watu wazima humwitia majina ya waliotangulia. Akinyamaza kwa jina fulani, hilo ndilo lake. Wakamwita jina la marehemu nyanya yake, akazidi kulia. Ndipo Atieno akamwota mama yake, amekaa kitandani pale wodini, anamwambia, "Mwite jina la yule sista." Alipoamka akamwita jina langu, na mtoto akanyamaza papo hapo. "Mama alikupenda sana," akaniambia.

Alinipenda? Au anajua nilichosema kando ya kitanda chake, na hataki nisahau? Naogopa, sijawahi kuogopa hivi.

Jumamosi wananingoja Nyalenda nimshike mtoto na kumbariki. Mwenzangu mmoja tu ndiye anajua, naye ananiambia, "Funga mdomo. Aliyekufa hafufuki, na wewe una watoto wa kulisha." Lakini nikimwambia Atieno kwamba alisema ukweli na mimi nikampuuza, nitamvunja angali mzazi. Nikinyamaza, kila atakapomwita mwanawe atakuwa anamwita mtu aliyedanganya wakati mama yake anakufa. Jumamosi ni keshokutwa, na shuka la mtoto nimeshanunua. Nishaurini, ndugu zangu: niseme kabla sijamshika huyo mtoto, ama nimshike ninyamaze?