Uongo Wangu Juu ya Mwanasayansi

Kila mara dada yangu anapopita na kikapu cha majani mabichi ya chai, harufu yake hunirudisha kwenye Ijumaa moja, jua likitua, familia ikiikaribisha Sabato. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni, kidato cha kwanza. Wote walipiga magoti, mimi nikabaki nimesimama.

"Magoti yanauma?" Baba akauliza.

"Wanasayansi wakubwa hawaombi, Baba. Hata yule aliyeeleza kwa nini vitu huanguka chini hakumwamini Mungu. Kitabu kimesema."

Kitabu kilisema aliisoma Biblia maisha yake yote. Nilitaka tu kuonekana msomi.

"Haya, profesa wa ndizi!" dada akacheka. Alikuwa amepita mtihani, akingoja kwenda sekondari.

Baba hakucheka. Alimgeukia dada. "Kama shule inafundisha hayo, mtoto mmoja kupotea kunatosha. Wewe utabaki hapa uchume chai."

Dada alinishika mkono. "Mwambie unatania. Tafadhali, mwambie."

Niliona aibu kukiri. Baba akaanzisha wimbo. Dada hakuimba. Mimi nilipiga magoti, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.