Gurudumu Lenye Mabawa Ukweni

Siku tuliyokwenda mtaa wa Ixelles, huku ughaibuni, kuniposea, nilimwomba baba jambo moja tu: asizungumze habari za reli. Alikuwa fundi wa reli Lubumbashi hadi alipostaafu, na ukimpa nafasi hakuachii. Akaniahidi. Nami, kwa ujinga wa mapenzi, nikamwamini.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka chakula kilipoletwa. Baba wa mchumba wangu, naye mstaafu wa reli, alitoa sahani zake za wageni. Baba alikula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo kwa adabu. Kadiri sombe ilivyopungua ndivyo nembo ya reli ilivyojitokeza chini yake: gurudumu lenye mabawa. Nikaona macho yake yanang'aa, nikajua nimekwisha.

"Mabawa ilikuya kisha," alianza. "Mwanzo compagnie za reli zilikuwa zinaandika maherufi tu, moja juu ya ingine. Ku taa, ku blanketi, ku sahani."

Mabawa, alieleza, yalikuwa ya kujisifu kwa mwendo. Treni zao wenyewe zilisimama hata kungoja mbuzi! Wazee wote wawili wakacheka, nami nikaanza kupumua.

"Na maherufi ilikuwa juu ya nini? Juu bantu balikuwa banaiba!"

Sote tukazitazama sahani.

"Donc, papa," mwenyeji wetu akasema polepole, "miye ni mwizi, mu nyumba yangu?"

Mchumba wangu alinitazama kama mtu anayetazama basi lililompita. Nilimpenda mno, na nilikuwa nampoteza kwa ajili ya vyombo.

Mama yake akaokoa jahazi kwa kuleta jagi na beseni tunawe. Baba alipoinama, koti likafunguka. Mama yule akasimamisha maji.

"Na iyi, papa?"

Kwenye chuma cha mkanda wa baba, mabawa yaleyale.

"Siye, siku ya retraite, tulirudisha uniforme yote," mwenyeji akasema. "Ao vile?"

Baba akavuta koti aufunike mkanda. Mzee mwenzake akacheka mpaka akafuta machozi.

"Bon. Mutoto tunamutoa. Lakini uu mukaba unaingia mu dot."

Mkanda ule uliotakiwa kwenye mahari, baba aliuvaa kila siku tangu nipate akili, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Nilingoja abishane. Aliufungua, akauweka mezani kwa mikono miwili, kisha akaishika suruali.

Tulitembea hivyo hadi kituo cha basi. Nilitaka kumshika mkono nimshukuru, lakini yote miwili ilikuwa na kazi.