Fundo la Leso ya Filister

Filister alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na siku maneno yalipomwishia, majirani zake wa Muhuru Bay walijua mambo si mazuri. Miaka kumi na mitano ya kukausha samaki aina ya mbuta kwa moshi ilikuwa imemharibu mapafu. Asubuhi hiyo ya mwaka 1994 alifikishwa kwenye zahanati kwa baiskeli, akihema kwa shida na kifua kikilia.

Alichotaka ni sindano. Kwake yeye tembe zilikuwa za kupitishia muda tu. Sindano ndiyo dawa. Zablon, tabibu wa zahanati, alikuwa ameshaivuta ndani ya bomba la sindano dawa ya kufungua njia za pumzi, ile inayoingizwa mshipani.

"Umemeza dawa yoyote leo, mama?"

"Sijameza kitu, daktari."

Uongo mtupu, tena aliusema akimtazama machoni! Alikuwa amemeza tembe nne za pumu za kununua sokoni, mbili alfajiri na mbili njiani. Lakini wanawake wa ufuoni walijua kwamba ukikiri umejitibu mwenyewe, utagombezwa mbele ya foleni nzima, na pengine sindano usiione.

Zablon akamshika mkono kupima mapigo. Yalikwenda mbio kupita kiasi, na vidole vilitetemeka. Akaitazama ncha ya leso aliyojifunga Filister, mahali wanawake wa pale hufungia vitu vyao.

"Mama, hiyo fundo iko na nini?"

Filister aliishika leso kwa nguvu, kisha akachoka, akaifungua. Tembe mbili zilizobaki zikaanguka mezani. Zablon akaiweka sindano chini, na Filister akaanza kulia, akijua amenyimwa.

"Sikunyimi, mama. Dawa iko kwa hizi tembe ni ile ile iko kwa hii sindano. Nikikudunga yote sasa, moyo inaweza kusimama."

Hakumkaripia hata kidogo. Alimwekea oksijeni na kumpa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Mchana, kifua kilipoendelea kugoma, alitia kiasi kidogo tu cha ile dawa kwenye chupa ya dripu, ikashuka tone kwa tone. Yeye alikaa kando, vidole juu ya mshipa wa mkono wa Filister, akimuuliza kila mara kama anasikia kichefuchefu au moyo kudunda vibaya. Alasiri Filister alitoa sentensi nzima bila kukatika, na ilikuwa ya kulalamikia uji wa wagonjwa. Zablon alicheka kwa furaha.

Tangu hapo, kila Ijumaa kabla ya Sabato kuingia, Filister alimpelekea samaki aliyemchagua mwenyewe. Alimshukuru Mungu kwa mtu yule, na hakuona haya kusema.

Mwaka uliofuata alimpeleka zahanati Kezia, mwenzake wa kwenye moshi, aliyekuwa akihema vile vile.

"Sijameza kitu," Kezia akasema.

Filister aliikamata leso ya mwenzake, akalifungua fundo kwa meno, akamwaga tembe mezani.

"Huyu ni muongo kama mimi, daktari," alisema, machozi yakimtoka. "Mtibu pole pole."