Santuri ya Hatua Nzito

Gramafoni ya tonton Alphonse, baba yangu mdogo, ilikuwa na harufu yake, na harufu hiyo iliutangulia muziki. Alipofungua mfuniko wa lile sanduku jeusi, kwanza ilitoka harufu ya kitambaa kilicholala unyevuni, kisha ya mafuta ya cherehani aliyoyatia kwenye springi, na chini kabisa harufu ya samaki wa kukaushwa, kwa sababu sanduku liliishi chini ya kitanda kile kile ambako Mama aliwaficha samaki wake wasiliwe na paka. Kwa hiyo mimi, hadi leo, nikisikia piano popote pale, mate hunijaa kinywani. Wajukuu wangu hucheka. Wacheke, hakuna aliyewahi kunithibitishia kwamba masikio na tumbo ni nyumba mbili.

Tulikaa Kabondo, katika mji ambao Wazungu wa miaka ile ya hamsini waliuita kwa jina la mwenzao na sisi tukauita Kisangani, kama wazee wetu. Papa alikuwa mvuvi wa maporomoko; mitego yake ilining'inia kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mawe, pale maji yanapopiga kelele mchana na usiku. Ua wetu tuliushiriki na ndugu yake mdogo, tonton Alphonse, mpishi wa madame mmoja aliyewafundisha piano watoto wa Wazungu. Mimi sikupelekwa shule. Silisemi hili ili nihurumiwe. Binti wa umri wangu alikuwa na kuni, maji na wadogo zake, na kazi hizo hazikungoja kengele. Lakini katika msimu mmoja wa viwavi wa kuliwa, wakati kila beseni la sokoni lilikuwa likitambaa, madame alirudi Ulaya moja kwa moja, akamwachia mpishi wake gramafoni pamoja na kasha la sabuni lililojaa santuri. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu, na mwalimu wake alinukia vitunguu.

Santuri zote zilikuwa za watunzi wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, watu ambao, kwa maelezo ya madame, walichoka kuwatungia wafalme na kuanza kutunga yaliyowasumbua wenyewe mioyoni. Tonton alikuwa ameyasikia maisha yao miaka mingi huku akikaanga viazi, na jioni aliyasimulia uani, akiongeza chumvi kama kawaida ya mpishi. Palikuwa na Mpolandi mmoja, mgonjwa wa kifua, aliyekwenda kuishi ugenini na kutunga mazurka, ngoma za vijiji vya kwao, ili asisahau jinsi watu wa kwao wanavyokanyaga ardhi. Palikuwa na kijana wa Vienna, mnene na mfupi, asiye na piano yake mwenyewe, aliyetunga nyimbo kwa mamia kuhusu mito, majira ya baridi na wasichana waliomkataa. Palikuwa na Mhungaria mwenye vidole virefu mno, ambaye wanawake waligombania glovu zake alizoziacha kitini. Hapo Mama alisonya na kuuliza kama mtu huyo hakuwa na dada wa kuwafukuza. Tonton alipoeleza kwamba nokturno maana yake ni wimbo wa usiku, koko, bibi yetu mzaa baba, alitikisa kichwa. "Usiku kunaimba mwenye maiti ao mwenye mutoto," alisema. "Huyu alikuwa na nini?" Tonton alifikiri sana, akajibu kwamba hakuwa na chochote kati ya hivyo, ndiyo sababu ya wimbo.

Kazi ya kuzungusha mpini nilipewa mimi, kwa kuwa mkono wangu ulizoea kinu na haukuwa na pupa. Sheria ya tonton ilikuwa moja: santuri ikishaanza, isiachwe ife njiani, kwa maana aliamini springi ingevunjika. Nilizungusha, nikasikiliza, na masikio yangu yakaanza kutambua njia. Nilitambua kwamba nyingi kati ya nyimbo zile zimejengwa kama safari ya mtu anayeondoka nyumbani, akakaa kwa muda mahali pengine penye hewa nyingine, kisha akarudi nyumbani kwa njia ile ile. Hakuna aliyenifundisha. Valsi, dansi ya kuzunguka wawili wawili, ilifanya hivyo, mazurka ilifanya hivyo, hata nokturno. Nilijua kabla ya wote ni lini wimbo utageuka, nami nilipenda kujua huko kama mtu apendavyo kuingia chumbani gizani bila kujikwaa.

Msimu huo huo dada yangu mkubwa Régine, ambaye sisi wadogo tulimwita yaya kwa heshima, aliposwa na Fidèle, kijana wa ng'ambo ya mji, mtaa wa Tshopo, aliyepata kazi katika vitalu vya michikichi huko Yangambi. Walipendana waziwazi, jambo ambalo koko aliliona kuwa la haraka lakini si baya. Sasa kwetu palikuwa na desturi. Siku ya kutolewa, bibi harusi hutoka mlangoni kwa babaye na kuvuka ua hadi kwenye mikeka ya upande wa mume, polepole kuliko kinyonga. Akiharakisha, watasema alikuwa akilala na njaa. Akigeuka nyuma, amekataa. Na wakwe nao wakikunja mikeka yao kabla hajaikanyaga, ndoa imevunjika. Harudi kutolewa hata kama wote wataomba radhi. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini uani kwetu methali hiyo ilikuwa na miguu.

Siku zote bibi harusi alivushwa na nyimbo za shangazi zake. Tonton akashikilia kwamba binti wa ndugu yake atavushwa na gramafoni. Yaya akafanya mazoezi nyuma ya nyumba, ndoo ya maji kichwani, nami nikizungusha. Valsi ilimzungusha kama mtu aliyekanyaga siafu. Mazurka ilimwaga maji. Ndipo tukajaribu santuri moja ambayo karatasi yake ya katikati ilikuwa imeliwa na mende, na ambayo madame hakuwahi kuipiga tonton akiwa nyumbani. Ilikuwa piano yenye vishindo vizito, kimoja baada ya kingine, kama mtu mzima anayepanda ngazi bila wasiwasi. Kila kishindo, hatua moja. Ndoo haikutikisika. "Hii inajua kutembea," yaya alisema, na hakutaka tena kusikia nyingine. Tonton, ambaye hakuwa na hadithi ya santuri hiyo, alipika moja papo hapo: ulikuwa wimbo wa mfalme anayeingia mjini mwake.

Siku ikafika. Ua ulifagiliwa hadi ukang'aa, lituma ya ndizi ikapondwa, samaki wa Papa wakapangwa kwenye majani. Upande wa Fidèle walitandika mikeka yao chini ya ukuta wa mashariki, na mbele yao aliketi mjomba wake, mzee aliyepiga tarumbeta katika bendi ya jeshi hadi meno yakamkataza. Wote walimwita Papa Sajini. Tonton akanipa ishara. Nikateremsha sindano. Yaya Régine akatoka mlangoni, akaweka mguu wa kwanza juu ya kishindo cha kwanza, na mama mmoja wa upande wa pili akamnong'oneza mwenzake, "Huyu kwao alikuwa anakula."

Hapo Papa Sajini akainuka. Akavua kofia yake, akaibana kifuani, akaunganisha visigino na kutazama mbele. Wapwa zake walipomwona mkubwa wao amesimama, nao wakasimama. Shangazi zao wakafuata. Upande wetu tulijaa fahari. Tonton alimgonga Papa kwa kiwiko. "Unaona? Wimbo wa mfalme." Ni mama yake Fidèle aliyeshangaa.

"Kaka, kofia umeitoa kwa nini?"

"Maiti inapita," alisema Papa Sajini bila kugeuza shingo.

"Maiti ya nani?"

"Sijui. Lakini huu wimbo nimeupiga nyuma ya majeneza ya makapiteni. Hauna kazi ingine."

Maneno hayo yalivuka ua upesi kuliko bibi harusi. Mama yake Fidèle alisema mtoto wake hakuja kuoa marehemu. Tonton alijitetea kwamba madame hakumwambia, naye akaulizwa kama ni madame aliyekuwa anamwoza binti. Mtu alicheka, mwingine akamkemea. Shangazi wawili wa upande wa mume wakaanza kukunja ncha za mikeka. Fidèle aliketi akiwa amefumba mdomo, kwa kuwa bwana harusi haruhusiwi kusema siku hiyo, na jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Katikati ya ua yaya Régine alisimama, mguu mmoja mbele. Kurudi hakuweza, kusonga hakuthubutu. Hakulia. Aliitazama mikeka inavyokunjwa.

Hakuna aliyeniambia niache, nami sheria niliijua. Niliendelea kuzungusha. Na wakati wanagombana wimbo ukafika pale nilipojua utafika: vishindo vikakoma, na ikatokea sauti moja nyororo, peke yake, juu ya maji matulivu ya mkono wa kushoto. Kelele zikapungua zenyewe, kama mvua inavyopungua juu ya bati. Koko, aliyeketi kizingitini na fimbo yake, akainua kichwa.

"Sasa nani anabembeleza mutoto?" aliuliza. "Wewe, Sajini. Na hii mulipiga kwa makaburi?"

"Tulipiga, koko. Hapa ndipo tuliambiwa kila mutu afikirie kwao. Tarumbeta haipigwi na mwenye kulia."

"Bon. Na yeye anafikiria kwao. Binti akitoka kwa babaye, kwetu tunalia. Mulitaka tumutoe kwa kucheka, kama tulichoka kumulisha?" Koko akagonga fimbo chini. "Régine. Tembea."

Yaya akatembea. Shangazi walibaki wameshika ncha za mikeka, hawakunji wala hawakunjui. Lakini mimi nilijua jambo moja: wimbo ule nao ungerudi nyumbani. Vishindo vingerudi vile vile, na wakwe wangekumbuka jeneza. Nilimtazama yaya; hakuharakisha hata kidogo, kama alivyofunzwa. Nilimtazama Papa Sajini, na nikakuta ananitazama. Naye aliijua njia ile, aliipita mara nyingi nyuma ya maiti. Aliinua kidole kimoja taratibu, kofia bado kifuani, akakishika hewani kama kiongozi wa bendi. Sauti nyororo ikafika ukingoni, ikashusha pumzi. Kidole kikaanguka. Nikainua sindano, na katika ukimya uliofuata sote tulisikia wayo wa yaya Régine ukikanyaga mkeka.

Mama yake Fidèle aliukunjua upande uliokunjwa, akauburuta hadi ukanyooka, akasema tu, "Keti, mwanangu." Vigelegele vilipanda hadi kuku wakakimbilia jikoni. Tonton aliweka valsi. Papa Sajini akarudisha kofia kichwani, akavuka ua kwa mwendo wa gwaride na kumnyooshea koko mkono. Koko alikataa, kama ipasavyo, kisha akampa mtu fimbo amshikie. Sijaona tena watu wawili wakicheza valsi vibaya na kwa heshima kama wale. Tulikula hadi majani yaliyobeba samaki yakabaki na miiba tu, na Fidèle, aliporuhusiwa kusema, kwanza aliomba maji.

Wajukuu wangu leo hutembea na santuri zote za dunia mfukoni, na harusi zao husikika kutoka Kabondo hadi ng'ambo ya mto. Siwaonei wivu, wala siwalaumu. Kila zama na kelele zake. Ila naona nyimbo zao hazina mtu anayezizungusha, basi hakuna anayezisikiliza kwa mkono. Sisi tulikuwa na kasha moja la sabuni, nasi tulilijua kama mtu ajuavyo watoto wake, yupi ana hasira, yupi wa kulala mapema, yupi asiachwe peke yake na wageni. Mjukuu huyu anayeniandikia haya ameutafuta wimbo ule kwenye simu yake, akaupata na jina la mtunzi wake na mwaka wake. Jumapili iliyopita tulimpelekea yaya Régine, mjane wa Fidèle, mama wa watoto walioujaza mtaa wa Tshopo, ambaye sasa haoni vizuri lakini anasikia hata asichoambiwa. Alisikiliza vishindo, akitembeza vidole vya miguu ndani ya ndala. Alisikiliza sauti nyororo hadi ukingoni, pale vishindo vya jeneza vilipokuwa karibu kurudi. Kisha akanyoosha mkono, akaifunika simu kwa kiganja.

"Zima, mutoto," alisema. "Ile ya mwisho iko bado."